Mwachilie Wairimu Aje na Mnyauko Wake

Dada yangu Nyambura,

Kabla sijakujulia hali, ujue unaandikiwa na mtu ambaye hapa Uholanzi akikohoa, maprofesa hufunga madirisha. Viazi vyote vya utafiti vya chuo hiki hupita mikononi mwangu. Nisipofika kazini asubuhi, sayansi inalala. Sasa, habari ya Molo? Kile kikohozi kimepungua? Mvua imewafikia ama bado mnameza vumbi? Mimi ni mzima, isipokuwa moyo, na aliyeuchoma ni wewe.

Wairimu amenipigia simu akilia. Binti yako ameitwa kwenye maabara ya huku miaka miwili, afuatilie ule ugonjwa wa mnyauko unaomaliza viazi vyenu. Mwezi ukiisha hajathibitisha kwamba anakuja, nafasi anapewa mwingine, naye hathibitishi bila baraka yako. Na wewe umefanya nini? Umekusanya akina mama wa kanisa mfunge na kuomba visa ikataliwe! Nyambura! Watu huombea mvua, watu huombea wagonjwa. Wewe unapiga magoti ili ubalozi umkatalie mtoto wako!

Nilipokupigia ukaniambia, "Wanaoenda hawarudi. Hata wewe uliaga ukisema unaenda kuonja tu." Kabla sijajibu ukanikatia simu, mimi niliyemkosesha chifu maneno mbele ya baraza zima. Leo najibu kwa kalamu, maana kalamu huwezi kuikatiza. Mimi nilikuja kutafuta riziki. Yeye anakuja kujifunza. Hizo si safari moja.

Wewe mwenyewe mbegu ya viazi unaitoa wapi? Ukirudia mbegu ya shamba lako kila msimu, unavuna viazi kama mayai ya kware. Ndiyo maana marehemu mama alikuwa anatutuma kule juu Mau Narok tubadilishane magunia na watu wa baridi. Kuna siku aliomba magunia yapotelee njiani? Akili ya mtafiti mchanga ni hivyo hivyo. Ikikaa udongo mmoja na mwalimu mmoja, ni mayai ya kware tu.

Juzi msichana wa Peru na kijana wa Rwanda walikuwa wanabishana mbele yangu juu ya mche mmoja ulionyauka.

"Ni maji," kijana anasema.

"Maji gani? Kwetu milimani tungeuliza kwanza, hapa palipandwa nini kabla ya kiazi?"

Kijana akakuna kichwa. Kumbe hakuna mtu kwao aliyewahi kumwuliza hivyo! Wakaanza kuchota udongo papo hapo. Nikaingilia, nikawaambia, "Ngojeni binti wa dada yangu. Yeye mnyauko anauota hadi usiku."

"Yuko wapi, mzee?"

"Yuko njiani."

Njiani! Kumbe yuko huko kwenu, chumbani kwake mtaa wa Free Area, anangoja miezi sampuli zake zipimwe kwa mashine za watu. Majibu yakirudi, mwenye shamba ameshang'oa na kupanda mahindi. Yeye hajui wanachojua hawa, na hawa hawajui anachojua yeye. Hiyo ndiyo hasara inayonikosesha usingizi.

Na usidhani ubalozi wanamvutia kwa kamba. Walimwuliza atarudi kwa nani, maana hana mume wala shamba. Wao wanaogopa hatarudi kwenu, wewe unaogopa hatarudi kwako. Mtoto amekuwa kama ulezi kati ya mawe mawili. Jiwe la ubalozi siliwezi, ingawa wananijua. Wewe jiondoe. Mpigie leo umwambie, "Nenda, mama," halafu wale wamama wageuze hayo maombi.

Nisalimie shemeji, mwambie asiuze ng'ombe wa maziwa kabla hajaniuliza. Nisalimie shangazi wa Lanet na kaka mkubwa. Mwenyekiti wa kikundi cha maombi pia msalimie, lakini kwa ufupi.

Jambo moja, na usilisome mbele ya watu. Wairimu nimemwahidi nitampokea uwanja wa ndege. Mwambie asinisubiri. Afuate maelekezo ya chuo, aje anitafute kazini. Njiani kwenda huko uwanjani kuna mahali pa kubadilisha treni, na mimi nimejaribu peke yangu mara mbili. Mara zote mbili nimeshukia Ujerumani.

Mdogo wako,
Kariuki