Aliyenifukua Amekataa Maji Yangu

Mpendwa Mama Hou,

Kijiji chetu chote hukusikiliza redioni ukijibu barua za watu; nisaidie nami kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kijiji kizima kitakutana hekaluni kuzungumzia kisima chetu, na mimi mpaka sasa sijui nitakaa upande gani, wa mume wangu au wa mtu aliyenitoa kaburini. Naitwa Fu Qiongying. Mimi na mume wangu Lei Zhongping tunatengeneza tofu hapa mlimani, na ukitusikia tunavyogombana siku hizi utadhani tunasaga mawe badala ya soya.

Siku ya lile tetemeko kubwa nilikuwa bado bibi harusi mgeni, Zhongping ameteremka mjini kuuza, nyumba ikaniangukia mchana kweupe nikiwa jikoni, nikabaki chini ya dari nagonga sufuria kwa kijiko kwa sababu vumbi lilikuwa limenijaa kooni na sauti haitoki. Jirani yetu Pu Changgui akasikia. Nyumba yake nayo ilikuwa chini na mama yake mzazi yumo ndani, lakini mama alikuwa kimya na mimi nilikuwa nagonga, basi akaanza na mimi, akafukua kwa mikono mitupu, zege likambana mkono wa kulia likaondoka na vidole, na hakuacha. Aliponitoa akakimbilia kwa mama yake, akamkuta mwili bado una joto lakini pumzi hakuna.

Mama Hou, hebu fikiria kuishi mlango kwa mlango na mtu huyo miaka yote hii. Nikinunua blauzi mpya, hakosi mmoja wa kusema, "Vaa tu, Qiongying, unavaa kwa niaba ya marehemu Bibi Pu." Nimempelekea Kaka Pu tofu, nimempelekea miguu ya nguruwe mwaka mpya, nimemshonea koti la pamba kwa mkono wangu, naye hupokea mlangoni kwa adabu, halafu kabla jua halijatua tofu yangu iko kwenye sahani ya jirani mwingine na koti liko mgongoni kwa mchunga mbuzi. Neno baya hajawahi kunitamkia, na hilo ndilo linaloniua. Nikwambie kweli? Ziko siku namchukia. Namchukia mtu aliyenipa uhai, halafu najichukia kwa kumchukia, halafu naenda kukoroga maziwa ya soya.

Kiangazi hiki mvua imegoma. Chemchemi ya kijiji imekuwa tope, kisima chetu ndicho pekee kilichobaki na maji, nacho kinashuka, na Zhongping amekifunika kwa mbao akatia kufuli. Watu wanateremka mtoni kwa njia ya mawe matupu, na kila asubuhi namwona Kaka Pu anapanda na mzegazega begani, ndoo mbili zikining'inia, ule mkono mbovu unahangaika kushika kamba, nusu ya maji imeshamwagika njiani.

Nikamwambia mume wangu, "Fungua, angalau kwa Kaka Pu."

"Kwani amekuja kuomba?"

"Unajua yule hawezi kuomba."

"Basi asiyeomba hana shida. Na ukimfungulia mmoja, kesho wote wako hapa na ndoo zao. Tofu utaipika kwa mate?"

Alipojinyoosha baada ya chakula cha mchana nikachukua ufunguo, nikachota ndoo mbili, nikavuka nazo. Mke wake, Dada Zeng Shulan, aliponifungulia mlango uso ulimng'aa, maana nguo zilikuwa zimemrundikia. Kaka Pu akatokea nyuma yake.

"Rudisha, shemeji."

"Ni maji tu, kaka."

"Nimesema rudisha. Sikukufukua ili unilipe."

Nikashindwa kujizuia. "Basi sema unataka nini! Sema nikupe yaishe!"

Akanitazama, akazichukua ndoo zote mbili, moja baada ya nyingine akazimwaga kwenye pilipili zake zilizokauka, akaniwekea miguuni zikiwa tupu. Shulan akaanza kulia. Kumbe Zhongping alikuwa amesimama kizingitini kwetu, ameona yote. Akanipokonya ufunguo mbele za watu na kusema nikiugusa tena nirudi kwa wazazi wangu.

Jana Kaka Pu ameteleza kwenye njia ya mtoni. Wamempandisha kwenye ubao, goti limevimba kama boga. Sasa vijana wanasema Jumamosi wakikataliwa watavunja kufuli kwa shoka, na mume wangu anashinda kisimani na panga lake la kukatia mianzi magotini. Nifanye nini, mama? Nimlazimishe Kaka Pu apokee? Niondoke? Mtu asiyekubali kulipwa analipwaje?

Fu Qiongying

*

Qiongying,

Kabla sijasema neno la pili, nenda kamwambie mumeo aliondoe panga pale kisimani. Panga likikaa hadharani hutafuta kazi. Nenda. Mimi nangoja.

Umerudi? Haya. Pole, mwanangu. Kuishi huku unakumbushwa kila siku kwamba pumzi yako ina mwenyewe ni mzigo ambao nisingemtakia mtu. Hao wanaokusema kuhusu blauzi hawakuwepo kufukua, kwa hiyo wafunge midomo. Na chuki yako hainishangazi. Mtu huweza kumchukia adui akapumzika, lakini kumchukia aliyemwokoa hakuna pa kupumzikia.

Lakini na wewe una lako. "Nikupe yaishe." Ulivuka njia na ndoo mbili, na ndani ya hizo ndoo hukuweka maji, uliweka kwaheri. Ulitaka apokee ili usimwonee haya tena. Yeye akayanusa, akayamwaga. Umewahi kujiuliza kwa nini? Siku ile alichagua sauti ya kijiko akamwacha mama yake. Leo akipokea tofu yako, koti lako, maji yako, moyoni mwake atakuwa amemuuza mama kwa bei hiyo. Kila zawadi yako inamtia mkononi bei. Ndiyo maana anaigawa kabla ya jua kutua.

Sisi watawa wa Dao tuliokula kiapo cha kuifuata Njia hufundishwa mapema kutazama mvua. Hainyeshi kwa jina la mtu. Inaanguka kwenye mpunga na kwenye magugu, inateremka mtoni, inapanda tena mawinguni, na hakuna shamba linalosema tone hili ni langu, lilitoka kwangu. Uhai uliopewa na Pu haudai urudi kwa Pu. Unadai upite. Umekwama kwako miaka yote hii kwa sababu unaulazimisha urudi kwenye mlango uleule ulikotoka, na mlango ule umefungwa kwa ndani.

Naye Pu asidhani nimemsahau. Kutoa na kupokea ni pumzi moja: anayevuta tu hufa, na anayetoa tu hufa. Mtu anayetoa bila kukubali hata kikombe cha maji ana ubahili wake. Anajibania wema wote. Lakini hilo si lako kumwambia. Akiniandikia yeye, nitamwambia mwenyewe.

Mume wako si mbaya, ana hofu. Ila ile kauli yake, asiyeomba hana shida, mrudishie kwa jina langu. Muulize: siku ya tetemeko wewe uligonga, Bibi Pu akanyamaza. Je, Bibi Pu hakuwa na shida?

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nenda kwenye kaburi la yule mama. Barua yako yote haina hata neno moja kuhusu kaburi lake, na wewe jina lake hutajiwa kwa kila blauzi. Ng'oa majani, choma ubani, mshukuru yeye, kwa sababu naye alitoa, hata kama hakuulizwa. Usiende saa ambayo Pu atakuona.

Kisha Jumamosi simama wa kwanza, kabla damu za watu hazijachemka. Sema kisima ni cha kila nyumba, kwa zamu, na nyumba ya tofu itachota mwisho. Usilitaje jina la Pu. Usimtazame. Zamu yake ikifika, maji yake yabebwe na yeyote ambaye kijiji kitamchagua, asiwe wewe. Siahidi kwamba maji yatatosha. Yakiisha mtateremka mtoni pamoja, na njia mbaya yenye watu wengi ni afadhali kuliko kisima chenye kufuli na shoka.

Zhongping akikuambia urudi kwa wazazi wako, mwambie utaondoka baada ya zamu yako ya kuchota.

Mama Hou

*

Baada ya jibu hilo kusomwa redioni, Fu Qiongying aliandika tena. Mimi ninayepokea barua za kipindi naiweka barua yake hapa kama ilivyofika.

Mama, panga liliondoka, lakini kwa siku mbili Zhongping hakusema nami. Nilimuuliza lile swali la Bibi Pu akatoka nje. Jumamosi nikasimama wa kwanza, nikasema ulivyonifundisha. Halafu mume wangu akaja mbele, akaiweka kufuli mezani, akasema, "Atakayeruka zamu atanijua," akakaa. Watu wakacheka kwa woga.

Maji yalishuka mpaka tukasimamisha tofu, na tumeuza nguruwe mmoja ili tule. Mvua bado. Kaburini nilikwenda, nikalia kuliko siku ya kufukuliwa.

Jana Kaka Pu alikuja anachechemea, akasimama mlangoni pangu akitazama pembeni.

"Qiongying, yale machicha ya soya ya mwisho mliyatupa?"

"Bado yapo, kaka."

"Nguruwe wangu amekonda. Nipe."

Nikamjazia kikapu mpaka kikafurika. Akajaribu kukiinua, akakirudisha chini, akaniangalia usoni.

"Punguza, dada. Mkono wenyewe ndio huu," akasema. "Au shika upande wa pili, twende."

Nikashika upande wa pili.