Jumamosi Zai Alipotugawia Kazi

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mimi kuanza maneno na wewe bila shikamoo siwezi, ulimi unagoma. Huku Chilangala sote wazima. Korosho tumemaliza kuokota, mvua za kwanza zimenyesha, na kile kisima chako cha maji ya mvua ulichosema kitapasuka, hakijapasuka. Nakueleza haya kwa sababu ungeuliza.

Ila kilichonikalisha chini kuandika ni habari ya mjukuu wako, Zai.

Unazikumbuka Jumamosi zenu. Mwalimu wake kila Ijumaa anawapa watoto karatasi ya kazi ndogondogo za kufanya nyumbani wiki ile: pima mlango kwa shibiri, tafuta vitu vinavyoanza na k, msimulie mtu wa nyumbani hadithi. Ulikuwa unamkalisha mkekani jikoni, mihogo iko motoni, anakusomea kazi moja moja, nawe unangoja. Akikwama kwenye neno, mdomo unaniwasha, nataka nimtajie yaishe. Unanipiga kibao cha paja. "Mwache, atafika." Na kweli alikuwa anafika, jasho linamtoka, halafu mnacheka wawili nyie kama mmeiba kuku.

Tulipotoka kukuzika, mambo yalianza kama utani. Unaijua desturi yetu. Mtoto nilimpa jina lako, Zainabu, kwa hiyo tangu amezaliwa namwita mama. Ulipoondoka, heshima yako yote ikamwangukia yeye. Kaka Issa, aliyekuja kutoka Tandahimba kwa msiba, akapiga magoti mbele ya mtoto wa darasa la pili. "Shikamoo, mama." Naye, bila haya hata kidogo: "Marahaba, mwanangu." Watu walikuwa wanalia, wakacheka. Mimi pia nilicheka, nilikuwa nakihitaji kicheko kile.

Lakini utani haukuisha, Mama. Zai akahamia kwenye kigoda chako. Firigisi ya kuku, akapewa yeye. Ijumaa akaja na karatasi ya mwalimu, nikamwambia njoo tusome, akasema, "Mimi bibi. Bibi hana kazi za shule." Nikapandisha sauti. Kaka Issa, ambaye alikuwa amebaki kutusaidia korosho, akanijia juu: "We Mwanaidi! Unamfokea mama?" Na mimi nani wa kubishana na mjomba wa mtoto? Nikaiweka karatasi kando. Ijumaa nyingine vilevile, na nyingine tena. Karatasi za mwalimu zikawa za kuwashia moto.

Mpaka mwalimu akaniita. Hakuzunguka. "Mama Zainabu, mtoto alikuwa anasoma vizuri. Sasa nikimpa kitabu anakifunga. Tukifika mwisho wa mwaka hivi, atarudia darasa." Nilirudi nyumbani. Hapo ndipo nilipokukosa hasa, kwa sababu mtu wa kumuuliza ulikuwa wewe. Nilikaa mkekani pako nikalia, sikumjali aliyepita wala aliyechungulia. Kilio kilipoisha ikanipanda hasira, na mimi unanijua, hasira ndiyo inayonipa akili.

Jumamosi asubuhi nikamfuata kwenye kigoda. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, leo Jumamosi. Mama yetu Jumamosi anakaa jikoni na karatasi yake, anasimamia kazi. Sisi wanao tumekuja, tupe kazi."

Nikamvuta na kaka Issa, akakaa mkekani anaguna, magoti yamefika masikioni. Zai akatutazama. Akaishika karatasi, akaikodolea macho weee, kisha akatangaza: "Imeandikwa, Mjomba akachote maji!"

Nikachungulia. Maji yako wapi! "Mama, soma tena," nikamwambia. Akanuna. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akakwama. Kaka Issa akafungua mdomo amtajie, nikampiga kibao cha paja mpaka akaruka.

"Mwache, atafika."

Mama, mkono ule ulikuwa wako. Naapa.

"Pa... panga. Panga ko... ro... sho. Panga korosho kumi kumi." Alipomaliza akashusha pumzi, akamgeukia mjomba wake. "Haya, umesikia? Panga." Na mwanao, na ukubwa wake wote ule, akainama akapanga. Akakosea. Hadi leo anasema alikosea makusudi, mimi siamini. Zai akamsahihisha kwa ukali, kiuno kimeshikwa, ni wewe mtupu.

Tangu siku hiyo alitutumikisha! Alitupimisha ukuta kwa shibiri, akatutafutisha vitu vya k: kinu, kikaango, kofia ya Mjomba. Na kila kazi lazima aisome kwanza, maana bosi asiyejua alichoagiza ni bosi gani? Kufika Jumatano alikuwa ameshaanza kuuliza Ijumaa lini. Shule zilipofungwa, mwalimu akamsimamisha mbele ya wazazi, akasoma ukurasa mzima. Januari anaingia la tatu. Nilipiga vigelegele peke yangu, wazazi wenzangu wakanigeukia, nikapiga tena.

Jioni ile tunamenya mihogo, mingine iko motoni, akaja akanikalia mapajani, na kukua kote huko.

"Mama, kesho usiniite mama."

"Kwa nini?"

"Bibi ndiye mama yako. Mimi nilikuwa namshikia nafasi tu." Akaokota ganda la muhogo. "Harudi, eti?"

"Harudi, mwanangu."

Tulilia wote wawili, Mama, mihogo ikaungua. Kumbe mtoto alikuwa amekaa kwenye kile kigoda anakungoja, na sisi watu wazima tunampigia magoti tunacheka. Asubuhi alikiacha kigoda chako ukutani, akashuka mkekani. Nikamwita Zai, akaitika "Abee" mbio, akatoka kucheza na wenzake. Muda mrefu nilikuwa sijamsikia anakimbia.

Basi sasa nikisema "Mama" humu nyumbani haitiki mtu. Inauma, sitakudanganya. Ndiyo maana nimeandika, angalau nikuite hapa.

Nakuahidi Jumamosi zako hazitakufa. Za darasa la tatu zitakuwa ngumu, nitakaa mkekani hivyohivyo, na kaka Issa anasema akipata nafasi atakuja kutoka Tandahimba apewe kazi. Mdomo ukiniwasha nitajipiga paja mwenyewe.

Kwaheri, Mama. Pumzika, Mungu akuweke mahali pema. Kesho tunakuja kufyeka majani kaburini kwako, na barua hii sitaisoma mimi. Atakusomea Zai. Nimeandika kwa herufi kubwa, lakini mambo ni mengi na maneno mengine marefu. Akikwama mimi nitanyamaza, na wewe huko uliko tulia.

Mwache, atafika.

Mwanao,
Mwanaidi