Suruali za Turubai

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Leo kiwandani nimepewa mashine yangu! Si kuchambua pamba tena, si kufagia. Mashine ya kusokota — ndefu kama behewa, bobini za uzi huku na huku. Uzi ukikatika niuunge, na mashine isisimame. Msimamizi wetu, Bwana Anselm, kanionyesha mara moja tu, akaondoka. Nilipojaribu, uzi ukanikimbia. Nikajaribu tena, ukanichana kidole. Halafu — umeshika! Nikapiga kigelegele, hakuna aliyenisikia. Mngurumo wa mle ndani unameza kila kitu.

Nimerudi nyumbani Mtendeni na pamba kichwani kama ajuza. Mama kacheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Kauliza tu kama huko ndani tunachanganyika na wanaume. Nikasema ndiyo Baba, tunachanganyika, lakini hata nafasi ya kutazamana hatuna.

Alhamisi, 5 Agosti

Minza naye kapewa mashine, inayotazamana na yangu. Huyu ni mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtoto wa watu wa Kigwa. Alishuka kwenye treni na mkeka na sufuria, basi. Sasa ni kama mdogo wangu. Kila asubuhi hunigongea dirisha kwa salamu ya kwao: Mwangaluka! Vidole vyake vyepesi kuliko vyangu — simwambii.

Ovaroli zimefika kutoka Dar. Za wanaume tu! Mtu wa stoo kasema wanawake hawakuagiziwa, tuendelee na kanga, tufunge vizuri. Haya.

Jumapili, 8 Agosti

Mapumziko. Nimekwenda na Minza stesheni kuona marobota ya uzi yakipakiwa. Yanakwenda kufumwa nguo.

Babu yake Baba alikuwa mpagazi. Alibeba vitambaa vya merikani begani kutoka pwani mpaka hapa Unyanyembe, bega likaota sugu. Siku zote nguo ilikuwa ikija. Ikija tu, juu ya mabega ya watu wetu, na sisi tunanunua. Leo nimesimama pale nikaona uzi unaondoka. Kutoka hapa! Nilitamani kuwatangazia stesheni nzima: ule nimeusokota mimi. Nikamwambia mmoja, muuza karanga. Kaniuliza nanunua au sinunui.

Jumatano, 11 Agosti

Mtaa unageuka huku tunautazama. Mama sasa anainjika chai kwa king'ora cha kiwanda, si kwa jua. Jirani yetu Tatu yuko shifti ya asubuhi, kwa hiyo mumewe ndiye anayekwenda bombani na ndoo. Watu walimcheka wee. Jana kamleta mwanamume mwenzake, ambaye mkewe naye yuko kiwandani. Leo hakuna aliyecheka.

Lakini maneno yapo. Msikitini wamemwambia Baba: Fundi Shaban, binti yako kawa dume, mtoe kule. Kasema atafikiri. Akafika nyumbani akaniambia hivyohivyo, anafikiri. Nimeogopa.

Nikafanya kosa la kutaja suruali. Kwamba kanga zinapeperuka karibu na mikanda ya mashine, na wanaume wana ovaroli. Baba kaweka kikombe chini. Mimi, kasema, nashona kanzu za masheikh wa mji huu. Siku binti yangu atakapovaa suruali, mnizike.

Yamekwisha hayo.

Jumanne, 17 Agosti

Siwezi kuandika. Minza. Kanga yake.

Jumatano, 18 Agosti

Nijaribu leo.

Aliinama kuokota bobini. Ncha ya kanga ikadakwa na mkanda. Angeiachia! Kanga ni mpya, ya kwanza kuinunua mwenyewe, akaivuta. Mkono ukaenda nayo. Nilimwona mdomo umefunguka, sauti sikuisikia. Sijui nilifikaje kwenye swichi nyekundu. Nakumbuka kimya tu. Ukumbi mzima kimya, ndipo sauti yake ikaja.

Masele, yule Msukuma mkubwa anayebeba marobota, kamchukua mikononi kama mtoto mpaka kwenye gari. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekwenda. Daktari kasema mkono wenyewe umenusurika.

Baba kaja nami hospitali. Sikumwomba. Kakaa kwenye benchi, kofia mapajani, akamuuliza Minza kila kitu polepole: kanga ilifungwaje, ncha ilining'inia wapi, mkanda uko urefu gani kutoka chini. Mimi nikaona aibu — anamhoji mgonjwa! Minza kajibu yote.

Ijumaa, 20 Agosti

Meneja katukusanya. Amri: wanawake wote kutoka kwenye mashine, kurudi kuchambua pamba, kuanzia Jumatatu. Kwa usalama wenu, ndugu zangu. Kasema naye ana mabinti, na tangu Jumanne hajalala. Nadhani ni kweli. Uso wake ulikuwa umesawijika.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, Ndugu Meneja, mwaka jana fundi mmoja mwanamume alivunjwa mguu na robota. Wanaume waliondolewa kwenye marobota? Wakaguna nyuma yangu. Meneja kasema hilo ni jambo jingine. Kikao kikafungwa.

Nimempelekea Minza habari. Kwa vidole hakulia, kwa hili kalia. Kasema, basi nimevitoa bure.

Baba alikuwepo, kaleta uji wa Mama. Kaweka chupa chini akatoka nje. Nikamkuta ukutani, kasimama.

"Mwanahawa," kasema. "Mashine haina kosa. Nguo ndiyo iliyomkata yule mtoto. Na nguo ni kazi yangu mimi."

Jumamosi, 21 Agosti

Kitambaa hakuna mji mzima. Tumezunguka asubuhi yote. Baba anashonea kwenye baraza la duka la Narendra tangu sijazaliwa, na dukani kwa Narendra rafu tupu, zimebaki kiberiti na chumvi. Mkewe, Usha, kasikiliza Baba anavyoeleza. Katoka barazani, kaangalia juu — pale panapofungwa turubai la kivuli, la kijani, zito.

"Lile?" kauliza.

Narendra kasema, mama, na jua? Wateja watasimama wapi?

"Wateja gani?" kasema Usha.

Wakalishusha! Mimi na yeye kwenye ngazi, vumbi la miaka likatumwagikia. Tumecheka mpaka machozi.

Baba kalitandaza sakafuni, kakaa mbele yake muda mrefu bila kushika mkasi. Nilidhani amebadili nia. Kumbe anawaza kiuno. Hajawahi kukata suruali ya mwanamke, kasema, na hataki kutia aibu ufundi wake.

Jumapili, 22 Agosti

Cherehani haijapoa tangu alfajiri. Sindano tatu zimevunjika. Wenzangu wanaingia mmoja mmoja kupimwa na Mama, Baba kageukia ukutani, anatajiwa vipimo naye anakata. Miguu myembamba chini, hakuna ncha, hakuna kinachoning'inia. Juu shati fupi la kuchomeka. Na kilemba cha kubana.

Mzee mmoja wa msikitini kapita, kasimama. Fundi Shaban, hiyo nini? Baba bila kuinua kichwa: "Nguo za kazi. Karibu chai." Mzee hakukaribia. Wale waliosema kule msikitini sijui watamfanyaje Baba. Yeye kaendelea kukanyaga cherehani.

Turubai limetosha watu tisa tu. Sisi wa shifti ya asubuhi. Wa mchana wametoka vichwa chini.

Nimevaa yangu. Ngumu kama ubao! Ukitembea inasema kwaru, kwaru. Mama kanizungusha. Baba katazama magoti, katazama pindo, kanirekebisha mkanda. Macho hakuyainua mpaka mwisho. Halafu kasema itachelewa kuchanika.

Nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Sijui niandike nini. Nilijiona mrefu.

Jumatatu, 23 Agosti

Naandikia hapa hapa kiwandani, juu ya robota, kwa penseli. Mashine zimesimama. Kimya mpaka nasikia njiwa darini.

Tumeingia tisa kwa mstari, kwaru kwaru. Hatukwenda kwenye pamba. Kila mmoja kasimama kwenye mashine yake. Bwana Anselm kasema, dada zangu, msinitie matatani. Kawaleta wanaume wa marobota wachukue nafasi zetu. Mashine yangu kapewa Masele.

Masele kaitazama. Kanitazama mimi, na suruali. Kakunja mikono.

"Hii ina mwenyewe," kasema.

Kaenda kukaa chini. Wenzake nao, mmoja baada ya mwingine, wakakaa. Bwana Anselm kauliza, mnataka nifanye nini? Kaenda kumwita Meneja.

Meneja kaja mbio. Kapita katikati yetu, kashika kitambaa cha suruali yangu hapa gotini, akakivuta. Hakikuvutika. Kauliza nani kashona. Nikasema baba yangu, Shaban wa Mtendeni. Sauti haikutetemeka hata kidogo! Halafu akauliza kwa sauti ya juu: baada ya damu ile, nani kati yenu bado anataka mashine?

Nyuma, mlangoni, mtu kasema, mimi.

Minza. Kaja kutoka hospitali kwa miguu, kanga kaishika kwa mkono mzima, ule wa bendeji kauinua juu.

Meneja kaingia ofisini kupiga simu Dar. Tumeambiwa tusubiri, na kwamba huenda wote tukafukuzwa, na wanaume pia. Tangu hapo tunasubiri. Masele kagawa muhogo wake. Minza kalala kwenye pamba, kichwa mapajani kwangu. Kaniuliza kama Baba ataweza kumshonea yake. Nikasema turubai limekwisha, lakini ataweza.

King'ora kimelia. Shifti ya mchana.

Nimepanda juu ya robota kuchungulia dirishani. Wamefika langoni, Tatu yuko mbele — kabadilishiwa shifti juzi. Hawaingii. Wamesimama wote pamoja, wanawake wa mchana, wale tuliokosa kitambaa cha kuwashonea. Nimetazama mara mbili.

Wamevaa suruali za waume zao! Wamekunja pindo, wamefunga kamba kiunoni. Mmoja kavaa ya kaki ya jeshi, inamfika kwapani. Na waume wengine wako nyuma yao, juu ya baiskeli, hawaondoki.

Mlango wa ofisi unafunguliwa. Minza, amka. Amka, tusimame.