Tulipimwa Pamoja, Mke Mwenzangu

Mpendwa mke mwenzangu,

Asalaam aleikum, wewe uliyetangulia. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyokuwa ukiisema kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, kwa sababu habari yetu kubwa tuliipata kwa Kiswahili, na mimi ndiye niliyekufasiria. Leo sifasiri maneno ya mtu. Leo nasema yangu.

Ulipoletwa Garissa kutoka Hadado, nilikuwa nimekaa kwenye ndoa miaka mingi, na mimba mbili zilizoharibika, kisha kimya. Mama mkwe alikupokea kama mvua. Mimi nilikupa maziwa, nikakupa mkeka, tabasamu sikukupa. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita, na tumbo lako likabaki kama langu. Mume wetu, Mungu ambariki, alijipima yeye kwanza, akaambiwa hana kasoro. Ndipo akatutuma sote wawili Nairobi, kwa daktari mmoja mama aliyesifika kwa mambo ya uzazi.

Daktari huyo alitaka damu ya siku ya tatu ya hedhi. Kwa kudra zikagongana: mimi niliona Jumapili asubuhi, wewe alasiri ya Jumapili hiyo hiyo. Zako zilikuwa adimu, na ulipoziona ulikuja mbio kuniambia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia jambo lako lolote. Kesho yake tukapanda basi, askari mbele na askari nyuma kwa ajili ya majambazi wa njiani, na tulikaa kiti kimoja mpaka Nairobi bila neno la maana.

Jumanne muuguzi akatuhoji. Mimi nikatolewa damu. Wewe ukaambiwa urudi kesho, kwa sababu kwa hesabu yao damu iliyoanza baada ya adhuhuri huhesabiwa kuanzia kesho yake. Hukukubali. Kwetu damu ikionekana hata kidogo kabla ya Maghrib, saumu ya siku hiyo imeharibika, kwa hiyo siku hiyo ni siku kamili.

"Sister," ulimwambia, kwa Kiswahili chako cha "b" mahali pa "p", umesimama wima, "hiyo siku Mungu ameshahesabu. Wewe unabunguza kwa nini?"

Muuguzi akacheka. Na mimi nikacheka, mpaka ukageuka kunitazama, maana hukuwa umewahi kuniona nikicheka. Lakini hesabu yake ndiyo iliyoshinda, tukabakiwa na siku nzima isiyo na kazi.

Nyumba ya shangazi ya mume wetu kule Eastleigh ilijaa watu, tukatoka. Tukaingia mkahawa wa Wasomali, tukaletewa wali na nyama ya ngamia, ukaumenyea ndizi kama ulivyozoea. Hapo ukaanza kusema. Kwamba miezi mingine hupita mikavu. Kwamba joto hukupanda kifuani ghafla ukalowa, hata asubuhi ya baridi. Mambo hayo nilikuwa nimeyasikia kwa shangazi zangu waliokwisha kuacha kuzaa, na wewe ulikuwa na miaka ishirini na minne. Nikakuongezea chai. Ukasema ukirudishwa Hadado utakuwa hadithi ya kila kisima, na mwanamume gani atamtaka mwanamke wa kisimani? Kisha ukaniuliza kama kesho kutwa, majibu yakitoka, nitakufasiria kila neno. Nikasema ndiyo.

"Abaayo," ukasema, kama kwetu anavyoitwa dada yeyote, hata wa njiani, "usinitilie sukari. Akisema chungu, nipe chungu."

Nikaahidi. Tangu siku hiyo ulikuwa ndugu yangu, ingawa wala wewe wala mimi hatukulitamka neno hilo.

Majibu yalipotoka, daktari alituketisha pamoja, kwa kuwa wewe ndiye uliyeomba hivyo. Alieleza kwamba hakuna kipimo kinacholiona yai lenyewe likiwa ndani ya mwili. Anachosikiliza yeye kwenye damu ni sauti. Ubongo hutuma homoni iende ikaite vifuko vya mayai. Mayai yakiwepo ya kutosha, na yakiwa na nguvu, vifuko huitika upesi, ubongo hunong'ona tu, na homoni hiyo huwa kidogo. Mayai yakipungua na kuchoka, ubongo hupaza sauti, na homoni hupanda. Nikakufasiria kwa njia ya kwetu: ngamia mzima ukimpigia mluzi mdogo hugeuza shingo, aliyechoka utamwita mpaka koo likauke. Ulielewa kabla sijamaliza.

Yangu yalikuwa mnong'ono. Mimi wa miaka thelathini na sita, niliyekwisha kuitwa mti mkavu nikiwa nasikia. Daktari akasema mayai yapo, yanahitaji tu vidonge vya kuyasukuma yatoke. Nilifurahi, siwezi kukuficha, na wewe ulinishika goti ukafurahi pamoja nami.

Kisha akafungua yako. Akasema aliyoyasema, akaniangalia mimi. Wewe nawe ukaniangalia mimi. Ningeweza kukwambia lolote, hakuna mtu chumbani ambaye angejua. Nilitamani sana kukudanganya.

"Ubongo wako unapiga kelele, abaayo," nikakwambia. "Hakuna anayeitika."

Ukauliza kama huenda mayai yamelala tu, ubongo ukawa unapiga kelele bure. Nikamuuliza daktari. Akajibu kwamba mara chache sana huamka, na yaliyokwisha hajui dawa ya kuyarudisha. Hilo nalo nikakupa bila sukari. Ukajifunga vizuri mtandio, ukasema alhamdulillah.

Nyumbani hukuniachia niseme. Ulisimama mbele ya mume wetu na mama yake, ukayasema yote mwenyewe. Mama mkwe hakukutukana, nitakuwa mwongo nikisema alikutukana. Alisema kwa upole kwamba basi urudishwe kwenu kwa heshima, aje mwingine. Mume wetu akainamia vidole vya miguu yake kama mtu anayetafuta mwiba. Sijui ulimi wangu ulifunguliwa na nani.

"Tulipimwa pamoja, mama, tutarudishwa pamoja," nikasema. "Na haya mayai mnayoyafurahia yataondoka na mimi."

Mume wetu akacheka mpaka akakohoa. Baada ya kicheko kile, habari ya kukurudisha haikuzungumzwa tena. Mama mkwe alininunia muda mrefu, akaja kuacha siku alipoambiwa nina mimba.

Nasteho alipozaliwa wewe ndiye uliyempokea na kumchagulia jina. Alijifunza kutembea akishika nguo yako. Sote wawili alituita hooyo, yaani mama, na akiita, aliyekuwa karibu ndiye aliyeitika. Wageni walituuliza yupi ni mama yake, nawe ulijibu, yupi unamtaka?

Kisha ile mvua isiyokwisha, barabara chini ya maji, na homa iliyokuchukua kabla hatujapata hata pa kukupeleka. Nilikulilia kuliko nilivyomlilia mama aliyenizaa. Watu walishangaa, wakasema kumbe hata mke mwenza humlilia mwenzake.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Nauza maziwa sokoni siku hizi, na kwa miezi kadhaa joto limekuwa likinipanda kifuani, linafika shingoni, nalowa. Garissa hii, nani atatofautisha jasho la jua na jasho la umri? Mimi nimelijua. Zamu yangu imefika, ubongo wangu nao umeanza kupaza sauti. Juzi lilinipanda mbele ya wateja, na Nasteho, hajafika hata darasa la pili, akachukua kile kipepeo chako cha ukili, akazunguka nyuma yangu, akainua mtandio, akanipepea chini ya kisogo, palepale moto ulipokuwa. Nikamuuliza nani aliyemfundisha kupepea mtu hapo.

"Hooyo," akasema. "Alikuwa akiniambia, hapa, hapa, taratibu."

Miaka ile yote mlikuwa mkikaa mlangoni kwako, yeye nyuma yako na kipepeo, mnacheka. Nilikuwa nawaona nikisonga ugali, nikidhani mnacheza.

Mungu akulaze mahali pa baridi, abaayo.

Mimi mke mwenzako,
hooyo wa pili wa Nasteho