Ule Mstari wa Juu Uufute

Mwanangu Mazengo, huko Ipagala,

Sisi hapa Kongwa tunaendelea. Baba yako kikohozi kimepungua, dada yako Dorkasi amejifungua salama, bibi yako anakuulizia kila siku.

Ile programu ya hesabu za maziwa ya kikundi, sasa naandika jina lake tu kwenye kompyuta, inafanya kazi. Zamani nilikuwa nasahau neno la kutanguliza kabla ya hilo jina, nakupigia, unacheka: "Mama jamani, anza na python, ile lugha niliyoiandikia!" Pasaka ukaja, ukaongeza mstari mmoja juu kabisa ya programu, unaoitaja python wenyewe, ukasema sasa sitakusumbua tena.

Kweli sikusumbui. Lakini tangu Pasaka nikipiga kukusalimia tu, hupokei. Kwa lile neno ulikuwa unapokea. Basi mwanangu, njoo uufute ule mstari. Nijibu upesi.

Mama yako,
Restuta