Nani Alikufunga Mkaja?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, shikamoo kwanza, na kama utacheka basi ucheke kabla hujanijibu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, bado ananyonya, nilisoma kidogo tu lakini nikabahatika kupata nafasi ya kujifunza ukunga, na ili tumalize tumeambiwa kila mmoja aandike insha ndefu kwa Kiingereza, nami nikachagua jinsi mzazi anavyotunzwa mpaka arobaini, maana mama mkwe wangu, Mwanaasha, alinitunza hata leo nikikumbuka machozi hunilenga. Nikaandika kurasa za mwanzo kwa raha, kumbe Kiingereza kina "yeye" wawili, wa kike na wa kiume, nami kila mahali nimemwandika mama mkwe kwa yule wa kiume. Memsahibu, Mwingereza anayetufundisha, akasoma mbele ya darasa kwamba mwanamume aliniogesha, akanikanda kwa maji ya moto, akanifunga mkaja tumboni! Wakaangua kicheko, mwenzangu Mboni akasema, "Haya Siwema, mtaje huyo bwana, nasi aje atukande!" Sasa hata kisimani naulizwa, "Shoga, nani alikufunga mkaja?" Nikishika kalamu naiweka chini. Kila asubuhi mama mkwe hunipokea mtoto, "Nenda mwanangu, kasome uje uzalishe wenzio," nami naaga, nakwenda kukaa kwa rafiki yangu kusuka ukili mpaka jua lipinde, nikirudi nasema nimeandika sana. Kumtazama usoni siwezi. Insha inatakiwa mwisho wa mwezi, nisipoipeleka nafasi imekwenda, na ukunga naupenda. Jina langu liandike tu, wameshanijua.

Siwema, Kisarawe

Siwema mwanangu, marahaba. Nimecheka, nimemaliza. Pole. Lakini kukosea neno si aibu, ni ugeni. Memsahibu akisema "mtoto inalia" mnamcheka, kisha mnambembeleza mtoto, naye kesho anasema tena. Aibu ni hiyo unayoisuka kwa rafiki yako, mama wa watu kambeba mjukuu akidhani unasoma. Acha leo!

Jioni hii mtengee maji ya kuoga, kisha kaa chini umwambie yote, hata hilo la kugeuzwa mwanamume. Mwombe akusimulie tena alivyokutunza. Andika kwanza kwa Kiswahili, vile vile asemavyo, ndipo ugeuze kipande kipande. Na kila penye "yeye" usihangaike, weka jina. Mwanaasha aliniogesha, Mwanaasha alinikanda, Mwanaasha alinifunga mkaja. Litajirudia, na lijirudie. Hilo ndilo jibu la Mboni, na hapo hakuna Mwingereza atakayemvika mama yako kanzu.