Lori Lililosimama Timboroa

Mzee Ouma,

Ni mimi, Chebet, mwanafunzi wako uliyemwita mbishi. Tangu tukuzike simwamini mtu, hasa Kiptoo mwenzangu wa maabara. Tumefunga naye redio za magari, tumekula naye madondo kila siku, lakini sasa nikiingia maabara anafunika kompyuta. Mazishini hakugusa chakula. Nikasema moyoni, huyu ana lake.

Unakumbuka tulivyoanza? Malori manne ya maziwa ya Moiben na pikapu yako, kila moja na redio ya kuzungumza na mengine. Yakikaribiana yanaunda kundi, yanachagua kiongozi, naye anawapasha wenzake habari za breki na ajali. Ulikuwa ukisema, "Gari bila majirani ni kiziwi."

Basi asubuhi ile ya ukungu Timboroa, lori letu moja liliharibika katikati ya barabara, nawe ukaligonga. Redio yake ilikuwa nzima, ikitoa onyo. Mbona pikapu yako haikusikia? Nilijua kuna mkono wa mtu.

Jana Kiptoo alipoenda chai, nilipekua kompyuta yake. Ndiyo, nilipekua. Nikakuta kanuni mpya: gari ambalo mwendo wake haulingani na wa wenzake litolewe kundini. Lori lililosimama likatolewa, likabaki kupiga kelele peke yake. Na aliyeiandika kanuni hiyo aliweka jina. Lako, Mzee.

Kiptoo alirudi akanikuta nalia. "Wachana na hiyo file, Chebet. Acha Mzee alale." Kumbe alikuwa anakuficha wewe, na mimi nimemchukia bure.

Nimekukasirikia, acha niseme. Kwa nini? Nashuku najua. Malori yaliposimama foleni Moiben yalivuruga makundi, skrini ikajaa maonyo ya bure, na wafadhili walikuwa njiani. Ulitaka mambo yapendeze. Ulipobadilisha kanuni, skrini ilitulia. Mimi nikapiga makofi, Mzee. Sikuuliza utulivu huo umetoka wapi.

Leo nimewapigia madereva wote nikawaambia wasiziamini redio zetu tena. Kesho naandika ripoti. Nitaweka jina lako, na langu chini yake. Kisha nitaenda Kimumu nimwambie Mama, mjane wako, mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.

Kwaheri, mwalimu wangu. Nitasema yote, na bado nitakulilia.

Chebet